Kabla Risasi Haijayeyuka

Maiki ya Neumann U 87 hufunguliwa kutoka chini. Pete ya kwenye kitako huzungushwa kwa vidole, bisibisi ikiwa bado mezani, kisha gamba la chuma huteleza lote kama jambia likitoka alani. Kinachobaki mkononi ni mifupa: transfoma, bodi yenye rezista na kapasita zilizobanana, nafasi ya betri mbili za volti 22.5, na juu kabisa, nyuma ya wavu, sarafu mbili za rangi ya dhahabu zilizopeana mgongo, ndiyo kapsuli inayopokea sauti. Fundi anayeijua kazi hii husimama hapohapo. Huangalia. Mwenye maiki, aliyekuja na ombi lake, huanza kukosa subira.

Tuseme maiki yenyewe ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aina hii ilitoka Berlin mwaka 1967, tranzista ikiwa imeshika nafasi ya valvu iliyokuwa ndani ya kaka yake, U 67 ya mwaka 1960. Zile betri zina sababu yake. Mtindo wa kupitisha volti 48 kwenye waya uleule unaoleta sauti ulikuwa mchanga. Neumann, waliounda maiki hii, walikuwa wameuanzisha mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, na studio nyingi bado hazikuwa na umeme huo. Kwa hiyo maiki ilisafiri na masurufu yake tumboni.

Ombi la mwenye maiki mara nyingi huwa hili: "Fundi, yangu inasikika chini. Mwenzangu ana mpya, ukiichomeka tu inajaa. Nifanyie iwe kama ile."

Anachokisema ni kweli. Hiyo mpya ni U 87 Ai, iliyotoka mwaka 1986, nayo huizidi ya kwanza kwa takriban desibeli 10. Siri yake ni sakiti ndogo inayopandisha umeme unaolishwa kapsuli hadi volti 60, wakati ile ya zamani hutegemea kile inachokipata kwenye waya, chini kidogo ya 48. Sakiti ya namna hiyo inaweza kupachikwa ndani ya maiki ya zamani. Nafasi ya betri, ambayo leo haina kazi, ni kama chumba kisicho na mpangaji. Mkono wenye haraka huona chumba kitupu na kuanza kuingiza fanicha.

Fundi makini hukumbuka kwanza kwamba kapsuli hizi mbili zinafanana kwa sura tu. Ile ya zamani, K 87, ina sahani mbili za nyuma zilizotenganishwa kiumeme, kwa kuwa ndivyo waliounda sakiti ya mwaka 1967 walivyochagua kubadilisha mielekeo ya usikivu: pande zote, mbele peke yake, au mbele na nyuma. Mfumo wa 1986 uliachana na mpango huo. Huwezi kuchukua umeme wa mmoja ukamwaga kwenye mwingine na kutegemea kila kitu kikae. Tena sauti ikizidi nguvu kwenye kapsuli, tranzista nayo huifikia mipaka yake mapema zaidi, na mpiga tarumbeta hatakawia kukuonyesha mipaka hiyo iko wapi. Na zile desibeli 10 zenyewe? Zipo kwenye kitufe cha mixa, upande wa kulia, bure.

Hata hivyo sitaki kumfanya mwenye ombi aonekane mjinga. Kwa msomaji wa riwaya anayenong'ona kitandani mwa mhusika wake, au udi unaopigwa taratibu katika chumba kilichonyamaza, kapsuli yenye nguvu hupunguza ile shii ya chini, na faida hiyo inasikika. Swali la fundi linakuwa: bwana, wewe unarekodi nini? Nimeona watu wakijibu swali hilo kwa kutaja nyimbo wanazozipenda badala ya kazi wanazozifanya.

Ombi la pili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu hapo ndipo ustadi wa waliounda maiki hii unapojificha. Watu hutaka iwe na ukali, ing'ae juu. Sasa, kapsuli ya ukoo huu, ulioanza na U 67, kwa tabia yake hupandisha sauti nyembamba. Ukiisikiliza peke yake ni kali. Waliounda sakiti walijua, nao wakaweka njia ya kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuushusha ukali huo, na kwa kufanya hivyo wakaishusha pamoja nao ile shii ya vifaa. Ni kama mpishi aliyezidisha ndimu kwenye mchuzi kwa makusudi, akijua tui lipo jikoni linakuja. Anayeonja kabla ya tui atasema mpishi amekosea. Anayekata ile kapasita ndogo ya kurudisha sauti ameondoa tui, kisha anasifu ladha ya ndimu.

Matokeo yake tunayasikia kila siku bila kuyajua jina. Maiki nyingi za bei nafuu zinazotengenezwa China hubeba kapsuli iliyonakiliwa kutoka ukoo huohuo, lakini sakiti yake ni ya kawaida, haina cha kuupoza ukali. Studio ndogo za Nairobi na Dar es Salaam zimejaa maiki za aina hii. Halafu mtu anakaa mbele yake na Kiswahili, lugha yenye sisi, sasa, siku na usiku, na kila "s" inatoka kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji. Prodyuza anatumia saa nzima kuzifukuza "s" moja moja. Mwenye U 87 anayeomba ukali anaomba, kwa gharama kubwa, kile ambacho mwenzake amekipata kwa bei ya chini na hakipendi.

Kuhusu wanaotaka transfoma itolewe ili sauti iwe safi, sina mengi. Ule unene wa besi sauti inapopanda ni sehemu ya kazi ya transfoma. Ukiitoa una maiki nyingine, na maiki nyingine zinauzwa dukani.

Kuna kundi la pili la kazi ambalo halipaswi kuitwa mabadiliko, ingawa watu hulichanganya na hayo. Utando wa kapsuli hii ni plastiki iliyopakwa dhahabu, ya unene wa kama mikroni 6, yaani unywele wa mtu ni mnene zaidi yake mara kumi. Miaka 50 ya waimbaji huacha mate, moshi na vumbi juu yake. Utando ukichafuka huwa mzito, na sauti za juu hufifia. Mwenye maiki husema imechoka, anataka iongezewe ukali, kumbe inahitaji kuoshwa. Kuosha kwenyewe ni kazi ya kushika pumzi: maji yaliyokenekwa, brashi laini, mkono wa mtu aliyekwisha kufanya hivyo, kwa kuwa dhahabu ikibanduka hairudi. Asiyewahi kufanya asijifunzie hapa.

Rezista zinazoilinda chaji ya kapsuli hufikia oomu bilioni moja. Kwa ukinzani mkubwa hivyo, mafuta ya alama ya kidole kwenye bodi ni barabara, na unyevu wa hewa ni barabara ya lami. Anayerekodi Mombasa au Unguja anaujua mlio wake: mapovu, mikwaruzo, kitu kama karanga zinazokaangwa mbali, hasa wakati wa masika. Maiki ya namna hiyo ikifika kwa mwenye chuma cha moto mkononi itabadilishwa tranzista, kisha kapasita, kisha rezista, na mwisho itanyamaza kwa sababu imekaa siku tatu kwenye chumba kikavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema wazee, lakini fundi wa maiki kwanza hupapasa ajue kama ule ni ufa au ni jasho la ukuta. Akimaliza kugusa, husafisha kwa spiriti. Akilazimika kuyeyusha risasi ya kuunganishia karibu na kapasita ya polistireni, hushika mguu wake kwa koleo ili koleo linywe joto, maana plastiki ile huyeyuka upesi.

Wapo wanaosema kifaa cha kale kisiguswe kamwe. Hao nao siwaelewi, kwa sababu Neumann wenyewe hawakuwa na imani hiyo. Chukua U 47, iliyoanza kuuzwa mwaka 1949, maiki aliyoiimbia Frank Sinatra na iliyotumika katika studio za Abbey Road kwa Beatles. Moyo wake ulikuwa valvu ya Telefunken yenye gamba la chuma, VF14, iliyoundwa ipashwe moto kwa volti 55 lakini humo ndani ikipewa kama 36 tu. Telefunken wakaacha kuitengeneza, na Neumann wakatoa badala yake valvu ndogo ya aina ya nuvista ili wenye maiki wasibaki na chuma kitupu. Kapsuli yake ya mwanzo, M7, ilikuwa na utando wa PVC, ambao kadiri miaka inavyokwenda hukauka na kukakamaa kama ngoma iliyoachwa juani. Baadaye walikuja na K 47 yenye utando wa poliesta. Waliounda kitu walikifungua tena, wakijua kila kipande kinamjibu nani.

Ndiyo maana fundi ninayemheshimu huchelewa. Kwanza hurekodi sauti ya mwenye maiki, maneno yaleyale, kwa hali ilivyo. Kisha humsogeza kiti shubiri moja mbele, shubiri moja nyuma, kwa sababu karibu na maiki hii besi huvimba na mbali hukonda, na shubiri hiyo mara nyingi hubadilisha zaidi ya alichokiombea ukarabati. Hukijaribu kwa mixa kile mwenye maiki anachotaka kifanywe kwa chuma, wakasikiliza. Wengi hurudi nyumbani kutoka hatua hii na maiki isiyoguswa, na baadhi yao hukasirika kidogo kwamba hawakulipa vya kutosha.

Anayebaki na hoja, ambaye kazi yake kweli inadai badiliko, hubadilishiwa. Kipande cha zamani hutolewa kizima, miguu yake haikatwi karibu. Huwekwa kwenye kibahasha, nje huandikwa tarehe, thamani yake na mahali kilipotoka kwenye bodi, na kibahasha huwekwa chini ya sponji ya sanduku la mbao, pale ambapo fundi mwingine, pengine asiyezaliwa bado, atakikuta. Gamba hurudishwa taratibu lisikwaruze waya. Pete hukazwa kwa vidole tu.