Meza Yenye Magurudumu Inamtii Nani?

Mwaka 1964 kampuni ya samani ya Herman Miller, ya Michigan nchini Marekani, ilitoa seti ya samani za ofisi iliyoitwa Action Office. Wazo lilikuwa la Robert Propst, mtafiti wa kampuni hiyo; umbo lilikuwa la msanifu George Nelson. Kulikuwa na meza ya kufanyia kazi umesimama, na nyingine yenye kifuniko, ili uende nyumbani jioni ukiziacha karatasi zako zilivyo. Propst aliamini kwamba mwili wa mfanyakazi hauwezi kukaa mkao mmoja kutwa. Ukizitazama picha za samani hizo leo, bado zinavutia. Lakini zilikuwa ghali, na wanunuzi walikuwa wachache.

Mwaka 1968 likaja toleo la pili, nalo ndilo ninalotaka kulijadili. Hili lilikuwa la paneli nyepesi zinazosimama zikiunganishwa, ambazo juu yake unatundika meza na rafu kwa kimo unachotaka. Propst alipendelea paneli zikutane kwa nyuzi 120, ili kila mtu awe na upande wa kujisitiri na upande wa kutazamana na wenzake. Anayehitaji utulivu angejizungushia paneli. Kundi linalotaka kujadiliana lingezifungua.

Kilichofuata kinajulikana. Wenye makampuni walizikutanisha paneli kwa nyuzi 90, wakaweza kupanga watu wengi zaidi kwenye sakafu ileile. Hapo ndipo kilipozaliwa kizimba cha ofisi, kile tunachokiona kwenye filamu za Kimarekani. Nelson alilalamika mapema, mwaka 1970, na Propst, aliyefariki mwaka 2000, naye aliishia kuvishutumu vizimba hivyo.

Kisa hiki husimuliwa kama wazo zuri lililoharibiwa na mabahili. Mimi sikubaliani. Nadhani kasoro ilikuwa ndani ya wazo lenyewe. Anayenunua kiti cha nyumbani ndiye atakayekikalia. Anayenunua samani za ofisi, mara nyingi, si yeye atakayezikalia. Kwa hiyo kila uwezo wa kubadilika unaouweka kwenye meza ya ofisi unaingia kwanza mikononi mwa aliyelipa. Propst alichora paneli inayosogea, na mwenye ofisi akaisogeza.

Kosa hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya matangazo ya Chiat/Day huko Los Angeles iliondoa meza za kudumu. Ukifika asubuhi ulichukua simu na kompyuta, ukatafuta pa kukaa. Watu wakaanza kuficha vifaa ili kesho wasivikose, na wengine wakageuza buti za magari yao kuwa makabati ya mafaili. Kabla muongo haujaisha, mpango huo ukaachwa. Wafanyakazi waliambiwa wako huru kukaa popote, isipokuwa kukaa pale walipokaa jana.

Hata kuondoa kuta kabisa hakukusaidia. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti wa makampuni mawili yaliyohamia ofisi za wazi. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takribani asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Mtu akinyimwa ukuta, huvaa hedifoni.

Chumba tunachosomea sisi wanafunzi wa uzamili kina meza zenye magurudumu, zilizoundwa ziungane wakati wa majadiliano. Ukutani pamebandikwa karatasi: USISOGEZE MEZA. Mama anayesafisha amepewa mchoro wa mpangilio, na meza zikikutwa tofauti, anayeulizwa ni yeye. Basi tukitaka kujadili sura ya tasnifu ya mwenzetu, tunatoka nje na kuketi kwenye ukingo wa saruji chini ya mwembe. Ukingo hausogei, lakini sisi tunasogea. Akija wa sita anasema tu, "Jamani, nisogezeeni."

Ni rahisi kumaliza hapa kwa kuusifia ukingo na baraza za wazee wetu. Lakini mmoja wetu ana maumivu ya mgongo, na saruji hawezi kuivumilia zaidi ya robo saa. Siku hizi anabaki ndani peke yake, na sura zake hazisomwi na mtu mwingine isipokuwa msimamizi. Propst alimfikiria mtu kama yeye: meza ya kuinuka, kiti chenye egemeo, wenzake karibu. Vitu hivyo vyote vimo chumbani mle, vimeshanunuliwa. Kinachokosekana ni ruhusa, na sijaona bado katalogi ya samani inayoiorodhesha.