Kuliita Gari Jina Lake

Katika maonyesho ya magari ya Turin ya mwaka 1963, kampuni ya Maserati ya Modena ilileta magari mawili mapya. Moja lilikuwa na milango minne, likaitwa Quattroporte, yaani milango minne. Jingine lilikuwa na viti viwili, likaitwa Due Posti, yaani viti viwili. Jina la kwanza lilidumu kwa vizazi sita vya gari hilo. La pili halikukaa. Wakala wa Maserati nchini Ufaransa, Kanali John Simone, alipendekeza liitwe Mistral, jina la upepo mkali wa baridi unaoteremka bonde la mto Rhône mpaka Bahari ya Mediterania, na kwa jina hilo ndilo linakumbukwa.

Majina yale mawili yalikuwa hesabu tupu ya vitu vilivyomo garini. Kwa nini basi moja liliishi na jingine likafa? Nadhani ni kwa sababu wakati ule gari la familia lenye milango minne na injini yenye damu ya mashindano lilikuwa habari mpya. Mtu aliposikia milango minne kutoka kwa Maserati, aligeuza shingo. Viti viwili, kwa kampuni iliyokulia kwenye mbio, havikumshangaza yeyote. Mwenye kazi ya kutoa jina hana budi kulijua lile jambo moja ambalo gari lake limelileta duniani, alitaje hilo na kuyaacha mengine yajisemee. Wachache wanaiweza kazi hii, nami naihesabu kuwa sanaa kamili, sawa na ya fundi anayechonga bodi au anayeshona ngozi ya viti.

Baada ya Mistral, Maserati ilipata lugha yake. Ikaja Ghibli, upepo wa moto kutoka jangwa la Libya. Ikaja Bora, upepo baridi wa Trieste, halafu Khamsin wa Misri, na mwaka 1990 Shamal wa Ghuba ya Uajemi. Karne hii wameongeza Levante na Grecale. Msomaji wa Kiswahili asiyapite majina haya haraka. Ghibli linatokana na neno lilelile la Kiarabu lililotupa kibla. Khamsin ni hamsini, kwa kuwa upepo huo husemwa kuvuma kwa muda wa siku hamsini. Shamal ni ndugu wa shemali yetu. Manahodha wa Ghuba na Oman waliokuja Unguja, Lamu na Mombasa kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi waliujua upepo huo kwa jina hilo karne nyingi kabla haujabandikwa kwenye gari la Kiitalia.

Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa kwamba upepo una tabia. Kuna upepo wa kusafiria na upepo wa kuangushia minazi. Kuna wa asubuhi unaomsindikiza mvuvi na wa msimu unaomfungia nyumbani. Kila mmoja una mahali unakotoka, wakati wake na hasira zake. Ndiyo maana jina la upepo hulifaa gari la kasi kuliko neno lolote la majigambo. Linataja kasi bila kujisifu. Linalipa gari nchi ya asili. Tena linatoa ukoo: ukishakuwa na Mistral na Ghibli, Bora haina haja ya kujieleza.

Jirani wa Maserati alionyesha kwamba upepo unaweza pia kubeba adabu. Horacio Pagani, Muargentina aliyehamia Italia na kufungua karakana yake karibu na Modena, alikusudia gari lake la kwanza liitwe kwa jina la Juan Manuel Fangio, bingwa wa dunia mara tano na mwenzake wa nchi moja. Fangio akafariki mwaka 1995, gari likiwa bado halijatoka. Pagani hakulitumia jina la marehemu. Mwaka 1999 gari likatoka likiitwa Zonda, upepo unaoshuka kutoka milima ya Andes upande wa Argentina. Kulikuwa na faida kubwa ya biashara katika jina la Fangio, na kuliacha kulihitaji moyo. Namheshimu Pagani kwa hilo sawa na ninavyomheshimu kwa gari lenyewe.

Waingereza walishika njia nyingine. Mwaka 1907, Claude Johnson, meneja wa Rolls-Royce, aliagiza gari moja la aina ya 40/50 lipakwe rangi ya fedha na vyuma vyake vipambwe kwa fedha. Namba yake ya usajili ilikuwa AX 201. Akalipa jina la Silver Ghost, mzuka wa fedha, kwa sababu injini yake haikusikika. Likapelekwa barabarani kwa majaribio ya karibu maili 15,000, katika zama ambazo magari yalikuwa yakiharibika njiani kila mara. Jina lilikuwa la gari lile moja tu, lakini watu waliliambukiza kwa aina nzima. Hapo ukazaliwa ukoo wa mizuka: Phantom mwaka 1925, Wraith mwaka 1938, kisha karne hii Ghost, na hatimaye Spectre linalotumia umeme. Kwetu sisi, ambao dereva wa basi huandika dua kwenye kioo kabla ya safari ndefu, kuliita gari mzuka kunaweza kutisha. Ila Johnson alikuwa amelisikiliza gari lake vizuri. Jambo jipya alilolileta duniani lilikuwa ukimya, na hakuna kiumbe katika masimulizi ya Waingereza anayeingia nyumbani kimya kuliko mzuka. Gari la umeme linalostahiki jina la Spectre lilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye, na likalikuta jina limekaa tayari.

Ukoo huohuo nusura uingie shimoni. Gari lililotoka mwaka 1965 lilikuwa lipewe jina la Silver Mist, ukungu wa fedha, mpaka ilipofikiriwa kwamba kwa Kijerumani neno Mist ni samadi. Likaitwa Silver Shadow. Hapa ndipo penye sehemu ya kazi hii ambayo mnunuzi haioni. Jina lazima lipitishwe katika masikio ya watu wa lugha nyingi, kisha lipelekwe kwa mawakili wa alama za biashara, ambako magari huwekwa katika daraja la 12 la orodha ya kimataifa ya bidhaa. Mengi yaliyo mazuri yameshachukuliwa. Anayeleta orodha ndefu ya majina aliyoyapenda hurudi na machache aliyoachiwa, na lazima katika hayo machache bado apate lenye uhai.

Porsche walilijua hilo kwa gharama. Gari lao jipya lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901. Mwaka uliofuata, Peugeot wakalalamika kwamba nchini Ufaransa namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni haki yao. Porsche wakaiondoa sifuri na kuweka moja. 911 ikawa, pengine, namba inayopendwa kuliko zote katika historia ya magari.

Nazitetea namba, maana kuna wanaodhani kwamba mwenye kuweka namba amekosa ubunifu. Namba yenye ukweli ni jina kamili. Gari la kwanza lenye jina la Ferrari, la mwaka 1947, liliitwa 125 kwa sababu kila silinda ilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 125. Zidisha mara silinda 12 upate injini yake ya 1,500. 250 GTO ya mwaka 1962 ilifuata hesabu hiyohiyo. Kisha angalia Dino 206. Namba inasema lita 2 na silinda 6. Dino ni jina la kufupisha la Alfredo, mwana wa Enzo Ferrari, aliyefariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 24. Neno moja na tarakimu tatu: upande mmoja fundi anatoa hesabu ya kazi yake, upande wa pili baba anamtaja mtoto aliyemzika. Sijui jina la gari lililobeba mengi kuliko hilo kwa herufi chache kiasi hicho.

Namba ikiacha kusema kweli, huoza. Mercedes walikuwa na C 63, ambayo ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa na injini ya silinda nane ya lita 6.2. Hata wakati ule 63 ilizidi kidogo, lakini ilikuwa na mguu wa kusimamia. C 63 ya siku hizi ina injini ya lita 2 yenye silinda nne, ikisaidiwa na umeme. Huenda ni gari hodari. Sibishani na mafundi. Ninachosema ni kwamba 63 hiyo haina tena kitu inachokihesabu. Wamarekani wa Lincoln walikwenda mbali zaidi, wakayaita magari yao MKS, MKT, MKX, MKZ na MKC, mpaka wateja hawakujua lipi ni lipi. Baadaye wakarudi kwenye maneno: Continental, Aviator na Nautilus. Walifanya vyema kurudi.

Kwa Lamborghini nitasema kwa ufupi, kwa kuwa habari zao zinajulikana. Ferruccio Lamborghini, mtengenezaji wa trekta, alizaliwa chini ya nyota ya Ng'ombe, akawapenda mafahali wa mapambano wa Hispania. Miura ya mwaka 1966 ilichukua jina la ukoo wa wafugaji wa mafahali hao karibu na Seville. Islero lilikuwa jina la fahali aliyemuua Manolete, mpiganaji mashuhuri, huko Linares mwezi Agosti 1947. Murciélago, kwa simulizi ya kampuni yenyewe, alichomwa upanga mara nyingi mwaka 1879 bila kuanguka, hata akasamehewa. Mtu wa Pemba, ambako mchezo wa ng'ombe huchezwa bila kumuua mnyama, huenda asiafiki desturi hiyo ya Hispania, lakini atatambua kwamba fahali kupewa jina ni kupewa heshima. Gari linaloitwa kwa jina la mnyama aliyeishi na kufa mahali fulani, mwaka fulani, lina uzito ambao neno lililobuniwa ofisini halina.

Kuhusu maneno ya ofisini, Marekani ina kisa ambacho kila mwandishi angepaswa kukijua. Mwaka 1955 kampuni ya Ford ilimwandikia mshairi Marianne Moore ikimwomba majina ya gari jipya. Moore aliipokea kazi kwa moyo wote na kutuma mapendekezo mengi, la mwisho likiwa Utopian Turtletop. Wakala wa matangazo naye alileta maelfu. Mwishowe wakubwa wakayaweka yote kando na kuliita gari Edsel, jina la mtoto wa Henry Ford. Liliuzwa kuanzia 1957, na kabla ya mwisho wa 1959 likasimamishwa. Gari lile lilikuwa na kasoro zake, na jina peke yake halikuliua. Hata hivyo namsikitikia Moore, na siyacheki mapendekezo yake kama wengi wanavyoyacheka. Alikuwa akitafuta sauti, wakati waliomtuma walikuwa wakitafuta makubaliano ya kikao.

Yapo majina yanayosema zaidi ya walichokusudia walioyatoa. Rolls-Royce waliliita gari lao kubwa la mwaka 2018 Cullinan, kwa heshima ya almasi ya karati 3,106 iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905, ambayo nayo iliitwa kwa jina la Thomas Cullinan, mwenye mgodi. Almasi ile ilipelekwa kwa Mfalme Edward VII, ikakatwa Amsterdam, na vipande vyake vikubwa viko katika hazina ya kifalme ya Uingereza. Kama jina la gari la kifahari, limechaguliwa kwa ustadi: ni zito, halifanani na jingine, na lina jiwe la kweli nyuma yake. Lakini Mwafrika akilisoma nyuma ya gari, anasoma pia udongo lilikotoka jiwe hilo na mahali lilipo leo.

Na yapo ambayo watu huyamalizia wenyewe. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Daimler huko Nice, aliingia kwenye mbio kwa jina la binti yake, Mercédès. Mwaka 1902 jina hilo likasajiliwa. Mwaka 1926 likaunganishwa na la Karl Benz. Afrika Mashariki baada ya uhuru ikamwacha binti, ikamchukua Benz, ikampa kiambishi cha watu na kupata Wabenzi, kabila jipya la wenye madaraka. Watanzania nao wakayaita magari makubwa ya serikali mashangingi. Hakuna kampuni iliyolipa hata senti kwa majina hayo, na yameeleza uhusiano wa raia na gari la mkubwa kuliko tangazo lolote.

Watu wenye sikio la namna hiyo hawana sababu ya kuazima herufi za watu wengine. Magari yanaunganishwa Thika, mabasi ya umeme yanatengenezwa Jinja, na siku haiko mbali ambapo moja litauzwa kwa fahari nje ya mipaka yetu. Wenye viwanda, mwiteni malenga, dereva mkongwe na baharia mapema, kabla karatasi za usajili hazijachapwa. Kibaha walipotengeneza lori lao waliliita Nyumbu, mnyama anayekwenda mbali, kwa makundi, bila kuchagua njia laini. Lilikuwa jina sahihi.