Lugha Iliyosalia: Kuitazama Upya "The Changeling" kutoka Goma

"The Changeling", hadithi ya mfululizo wa televisheni wa Star Trek iliyotungwa na John Meredyth Lucas na kuonyeshwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967, hulaumiwa kwa ulegevu wa msuko. Chombo kiitwacho Nomad kinashindwa kuuelewa wimbo wa Uhura, kinamfuta kumbukumbu. Kisha daktari anaahidi kumrudisha kazini katika muda wa wiki moja. Kwa kipimo cha uhalisi, lawama hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, onyesho la somo limepitwa haraka mno. Uhura, akifundishwa kusoma upya kama mtoto, anakwama na kuangukia Kiswahili. Muuguzi Chapel anamtaka aseme Kiingereza. Basi si yote yaliyofutika. Mtazamaji wa Goma, mji ambamo Kiswahili ni cha nyumbani na sokoni, na Kifaransa ni cha ofisini na madarasa ya juu, hahitaji kufafanuliwa agizo hilo. Onyesho limejengwa kama kichekesho, nalo ndilo lenye ukweli mzito kuliko mengine yote humo: kupona kwa Uhura kunapimwa kwa lugha anayoiacha. Hakuna anayemwuliza alitaka kusema nini kwa Kiswahili, wala wimbo wake haurudi.