Uhamisho wa Karani

Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma sana, kwamba Maisha Yangu ya marehemu Shaaban Robert ni kitabu hafifu kikilinganishwa na Kusadikika au Wasifu wa Siti Binti Saad. Husema: karani wa serikali ameoa, amefiwa na mke, amehamishwa kituo, nani hayajamfika hayo? Yanatuhusu nini?

Kitabu kilitoka mwaka 1949. Mwandishi, aliyezaliwa mwaka 1909, alitumikia forodha katika miji ya pwani tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamia Idara ya Wanyama, huko Mpwapwa. Dunia nzima ilikuwa vitani, naye anashughulika na safari yake. Msomaji mwenye haraka hudhani kwamba bwana huyu hakujua kupima lililo kubwa na lililo dogo. Mimi naona alijua sana. Barua ya uhamisho ni mistari mitatu. Kwa aliyeitia sahihi ni karatasi moja katika lundo. Kwa aliyeipokea ni nyumba, watoto, deni la dukani, na kaburi ambalo hatakuwapo kulipalilia.

Nilipokisomesha kitabu hiki chuoni, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipiga miayo penye safari hiyo. Wa mwaka wa mwisho, waliokuwa wakingoja kupangiwa shule, walisikiliza kimya, na mmoja akaomba tuirudie. Maneno yalikuwa yale yale.

Kasoro ya kitabu naiona mahali pengine, pale mwandishi anapoona haya kutusimulia lake peke yake, akaligeuza wasia wa watu wote. Alipenda mno kunasihi (maradhi yetu walimu). Linganisha shairi alilomlilia mkewe Amina na tenzi za Hati na Adili, alizowausia wanawe. Katika shairi yumo mwanamke mmoja tu, wala hatuhitaji kuwa tulimjua. Kila mgane hupata humo mahali pa kukaa. Katika Hati, baada ya beti kadhaa, binti ananipotea, nabaki na mafundisho. Ni mafundisho mema, na tuliyakaririsha miaka mingi, lakini babu yeyote mwenye busara angeweza kuyatoa. Hati alitungiwa msichana mmoja. Huenda yeye alisikia humo sauti ya baba yake, jambo ambalo sisi wengine tumenyimwa.

Wachapaji wameunganisha kitabu hiki na Baada ya Miaka Hamsini. Sehemu hiyo ya pili siipendi sawasawa na ya kwanza, nasaha zimeongezeka. Hata hivyo naisoma polepole zaidi. Mwandishi alifariki mwaka 1962, miaka hamsini ikiwa imempita kidogo tu, naye anazungumza kama mzee. Mimi niliyevuka sabini namsoma kama mdogo wangu, na penye nasaha namwacha aseme.