Siku ya Tatu ya Mgeni: Kazi na Maskani Ughaibuni katika Maandishi ya Emily Ruete na Mtoro bin Mwinyi Bakari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Katika makala haya tunakusudia kuitumia kama kipimo cha uhakiki. Masimulizi mengi ya Waswahili waliokwenda Ulaya katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa ni masimulizi ya siku mbili za mwanzo: msafiri huona, hustaajabu, kisha hurejea kwao kusimulia. Mathalan, Selim bin Abakari, katika habari za safari yake ya Urusi na Siberia zilizochapishwa na Carl Velten mwaka wa 1901 katika Safari za Wasuaheli, yumo njiani pamoja na mwajiri wake Mjerumani. Macho yake ni ya mpitaji. Halazimiki kutafuta nyumba ya kupanga wala kulea mtoto katika nchi anayoipita.

Swali letu ni hili: jembe linapotolewa, maandishi ya mgeni hubadilika vipi? Tutalijibu kwa kuwatazama waandishi wawili wa pwani yetu waliofanya maskani Ujerumani, yaani Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme binti Said, na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Hoja yetu ya msingi ni kwamba wahakiki wamewanyima wote wawili nafasi yao halisi. Ruete amesomwa kama binti mfalme aliyetoroka kwa ajili ya mapenzi, naye Mtoro amesomwa kama ghala la mila. Ni wachache waliowasoma kama watu waliokuwa kazini ughaibuni, ilhali hali hiyo ndiyo iliyoyapa maandishi yao umbo.

Ruete: Nyumba kama Kazi

Salme alizaliwa Unguja mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo kwa hesabu yake mwenyewe lilikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Alitoroka mwaka wa 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, kisha wakaenda kukaa Hamburg. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu ya farasi. Emily hakuwa ametimiza miaka 26, na alibaki na watoto watatu wachanga katika mji ambao hakuwa na jamaa wa damu.

Kitabu chake kinachojulikana zaidi ni kumbukumbu alizozitoa mwaka wa 1886. Kwa mtazamo wetu, maandishi yanayohusu zaidi mada hii ni barua zake za kwenda nyumbani, ambazo hazikuchapishwa uhai wake. Zilitolewa kwa Kiingereza na E. van Donzel mwaka wa 1993. Katika kumbukumbu, Ruete anawaeleza Wajerumani mambo ya Unguja. Katika barua mwelekeo unageuka, kwani sasa anamweleza rafiki wa kike aliyeko Unguja mambo ya Ujerumani: baridi, lugha isiyoshikika, desturi za kutembeleana, malezi ya watoto, na upungufu wa fedha baada ya kufiwa.

Mgeuko huu una uzito wa kifani. Barua zimeandikwa kwa Kijerumani, nazo zinaelekezwa kwa rafiki asiyetajwa jina, ambaye hatuna sababu ya kudhani kwamba angeweza kuzisoma. Je, hadhira lengwa ni nani basi? Tunaona kwamba rafiki huyu ni nafasi ya kifasihi anayoihitaji msimulizi ili jambo la kawaida la Hamburg lipate kuonekana tena kuwa si la kawaida. Mtu anayekaa ughaibuni miaka mingi huzoea. Mazoea nayo humnyang'anya uwezo wa kusimulia. Kwa kumweka mbele yake msikilizaji wa Unguja, Ruete anaurejesha mshangao ambao nafsi yake ilikwisha kuupoteza, na kwa njia hiyo anapima umbali aliokwisha kwenda.

Hata hivyo, uhakiki hautakamilika tukiishia kwenye sifa. Katika kumbukumbu zake Ruete ana sura nzima kuhusu utumwa, na ndani yake anautetea utumwa wa Waarabu kuwa ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa Ulaya. Anayeandika maneno hayo ni mwanamke ambaye, ughaibuni, alijifunza kwa mara ya kwanza jinsi nyumba inavyoendeshwa kwa mikono na kwa hesabu ya senti. Mtu angetarajia kwamba elimu hiyo ingemrejesha kwenye swali la mikono iliyoliendesha jumba la Mtoni. Haikumrejesha. Ughaibuni ulimfunza thamani ya kazi ya nyumbani pale ilipomwangukia yeye, lakini haukumfunza kuiona ilipowaangukia wengine. Huu ni ufa mkubwa katika maandishi yake, na msomaji anayempenda Ruete hana budi kuutaja.

Mtoro: Lugha kama Jembe

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka wa 1887. Wanafunzi wa chuo hicho walikuwamo maofisa waliotayarishwa kwenda kutawala makoloni. Mwaka wa 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro, ingawa jalada linamtaja Velten kuwa ndiye aliyekusanya na kutoa.

Kitabu hiki kinahusu uzazi na malezi, jando na chuo, ndoa na ngoma, kilimo na biashara, sheria na mazishi. Hakimhusu Mtoro. Hakuna Berlin ndani yake, hakuna baridi, wala chumba cha kupanga. Kwa sababu hiyo wengi wamekitumia kama hazina ya mila tu, hasa baada ya tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen kutoka mwaka wa 1981. Sisi tunadai kwamba kimya hicho ndicho chenye kusema zaidi. Mtu akiwa kwao haelezi kwamba mtoto akizaliwa hufanyiwa hivi na hivi, kwa kuwa kila anayemsikiliza anajua. Maelezo hayo huhitajika pale ambapo hakuna ajuaye. Kila ukurasa wa Desturi za Wasuaheli una alama ya msikilizaji mgeni, na msikilizaji huyo ndiye aliyekuwa akimlipa msimulizi.

Inaweza kupingwa kwamba Velten alianza kukusanya habari hizi alipokuwa Afrika Mashariki, na kwa hiyo si haki kukiita kitabu hiki zao la Berlin. Pingamizi hili lina nguvu kiasi. Lakini halibomoi hoja yetu, kwani hata kurasa zilizoandikwa pwani zilielekezwa kwa msomaji yuleyule wa Kijerumani. Alipokwenda Berlin, Mtoro aliendelea na kazi aliyokwisha kuianza, ila sasa mjini kwake kulikuwa mbali. Jembe alilopewa siku ya tatu lilikuwa lugha yake mwenyewe. Hapa anakutana na Ruete, ambaye alipopungukiwa alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Wote wawili waliuza ughaibuni kile ambacho nyumbani hakina bei.

Mlango wa Kurudi

Ulinganisho huu unapata uzito wake wote tukitazama majaribio yao ya kurudi. Mwaka wa 1885 Ruete alifika Unguja pamoja na meli za Kijerumani, akidai urithi wake. Ndugu yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea, na safari nyingine ya mwaka wa 1888 haikufaulu pia. Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, mwaka wa 1904. Mwaka uliofuata walisafiri kuelekea Afrika Mashariki, lakini watawala wa Kijerumani hawakukubali waishi huko kama mume na mke, nao wakarudi Ujerumani. Baadaye Mtoro alifundisha Hamburg, mji uleule wa ujane wa Ruete. Ruete alifariki Jena mwaka wa 1924, naye Mtoro akamfuata mwaka wa 1927, akiwa bado Ujerumani.

Kwa hiyo mmoja alikataliwa na nduguye, mwingine akakataliwa na serikali iliyomwajiri. Hapa methali yetu inafikia mpaka wake. Inajua siku ya tatu, lakini haisemi lolote juu ya mgeni aliyelima miaka ishirini, akataka kwenda kwao, akakuta mlango umefungwa. Pengine ndiyo sababu lugha yetu ina msafiri, mgeni, mhamiaji na mlowezi, lakini haina neno moja lililotulia la kumtaja mtu wa namna hii. Tofauti ya waandishi wetu ni kwamba Ruete aliijaza nafasi hiyo tupu kwa barua, ilhali Mtoro, katika kitabu chake kikuu, aliiacha tupu. Wasifu wake umeandikwa na mtu mwingine, Ludger Wimmelbücker, mwaka wa 2009.

Hitimisho

Siku hizi mjadala wa fasihi ya ughaibuni huanza na Abdulrazak Gurnah, hasa baada ya kutunukiwa Nobeli mwaka wa 2021. Heshima hiyo anaistahili. Lakini mjadala ukianzia kwake, tutadhani kwamba mtu wa pwani alianza kuandika akiwa ng'ambo katika karne ya ishirini, na kwa Kiingereza. Ruete na Mtoro wanatuonyesha mizizi iliyo mirefu zaidi, mmoja kwa Kijerumani, mwingine kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Suala hili si la makavazi tu. Kutoka Mombasa na Kilifi, na kutoka bara pia, mabinti wanakwenda Ghuba kufanya kazi katika nyumba za watu. Nyumba kwao ni mahali pa kazi na ni maskani kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa kwa mjane wa Hamburg, ila wao hawana jina la kifalme la kuwavutia wachapishaji. Habari wanazowatumia mama zao zina lile swali la Ruete: nitamwelezaje aliye nyumbani? Wengi wao pia wana kimya cha Mtoro, kwa kuwa anayelipa mshahara yuko karibu. Mhakiki aliyezoea kutafuta maajabu ya safari hatasikia lolote katika habari hizo. Tunapendekeza Desturi za Wasuaheli na barua za Ruete zisomeshwe pamoja, bega kwa bega, ili wanafunzi wetu wajifunze kuyasikia mambo mawili: yale ambayo mgeni anayasema akiwa na jembe mkononi, na yale ambayo jembe hilo linamzuia asiyaseme.