Insha ya Maneno 4,000: Swali, Vyanzo na Mpango

Mwanafunzi wa diploma ya International Baccalaureate, maarufu kwa kifupi chake IB, huandika insha moja ndefu ya utafiti katika miaka yake miwili ya mwisho ya sekondari. Katika Afrika Mashariki kazi hii inajulikana katika shule kama Aga Khan Academy ya Mombasa, International School of Tanganyika ya Dar es Salaam na UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha. Mwanafunzi huchagua somo na mada mwenyewe, hupewa mwalimu mmoja wa kumsimamia, na hutarajiwa kutumia takribani saa 40 tangu kutafuta mada hadi kukabidhi kazi. Ukomo ni maneno 4,000. Mtahini halazimiki kusoma yanayozidi hapo. Insha hii, ikijumlishwa na somo la Nadharia ya Maarifa, huleta pointi zisizozidi 3 kati ya 45 za diploma nzima. Ni chache, lakini anayeambulia daraja E katika insha hukosa diploma hata kama masomo mengine yamekwenda vizuri.

Insha nyingi dhaifu huharibika mapema, mwanafunzi anapoanza kuandika akiwa na mada tu mkononi. Mfano mzuri ni mwanafunzi wa historia anayevutiwa na mpango wa karanga wa Tanganyika. Sharti la somo hilo kwamba matukio ya miaka 10 ya karibuni yasiguswe halimsumbui, na habari yenyewe ni nono. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, nao ukapendekeza kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36.

Swali la kwanza linalomjia mtu ni: kwa nini mpango ulishindwa? Jibu lake lina matrekta chakavu yaliyookotezwa kwenye mabaki ya vita, bandari ya Dar es Salaam iliyolemewa na mizigo, reli, udongo, mvua na siasa za London. Kila sababu ikipewa haki yake, maneno 4,000 yanakwisha na hakuna hata moja iliyochambuliwa. Kwa hiyo swali hupunguzwa. Kwanza kwa mahali: Kongwa ibaki, maeneo mengine ya mpango, Nachingwea na Urambo, yaachwe. Kisha kwa sababu: udongo na mvua. Mwanafunzi anaweza kufikia hapa: ni kwa kiasi gani uamuzi wa kuanza Kongwa bila kupima udongo na mvua ipasavyo uliuangusha mpango?

Swali hilo linasikika vizuri, ila lina mtego. Maneno “bila kupima ipasavyo” yamekwisha kutoa hukumu kabla ushahidi haujaletwa. Msimamizi makini atayagundua, na swali litaandikwa upya: udongo na mvua za Kongwa vilichangia kwa kiasi gani kushindwa kwa mpango kati ya 1947 na 1951, vikilinganishwa na upungufu wa mitambo? Sasa kuna jambo la kupima, kuna la kulinganisha nalo, na jibu linaweza kwenda upande wowote.

Swali likishakaa sawa hujaribiwa kwa vyanzo, na hapo ndipo saa nyingi zinastahili kwenda. Ripoti ya ujumbe wa Wakefield ilichapishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Inafaa sana kuonyesha wapangaji waliamini nini, lakini iliandikwa na watu waliokuwa wakiupendekeza mradi, hivyo haitoshi kuthibitisha hali ya ardhi yenyewe. Alan Wood, aliyeshughulikia habari katika shirika lililoendesha mpango, alitoa kitabu The Groundnut Affair mwaka 1950. Huyo aliyaona mambo kwa karibu, ila kitabu chake kilitoka kabla mpango haujaachwa rasmi, kwa hiyo hakiwezi kuwa shahidi wa mwisho wake. Mijadala ya Bunge la Uingereza hueleza lawama za kisiasa vizuri kuliko inavyoeleza mvua. Kwa mvua zinahitajika rekodi za vipimo. Zisipopatikana, ni heri swali libadilishwe mapema kuliko pengo kujazwa kwa kukisia. Mahojiano na wazee wa Kongwa nayo huvutia, lakini anayekumbuka mwaka 1948 leo amepita miaka 80 na wakati ule alikuwa mtoto. Atasimulia maisha ya kijijini. Vipimo vya udongo havimhusu.

Tathmini ya namna hii huandikwa papo hapo kwenye daftari la kumbukumbu, pamoja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Anayeahirisha kuandika ukurasa hujikuta usiku wa mwisho akisaka nukuu ambayo hakumbuki aliitoa wapi, na nukuu isiyo na chanzo huhesabiwa kuwa wizi wa kitaaluma.

Mpangilio wa insha hufuata hoja. Masimulizi ya mwaka hadi mwaka hurahisisha uandishi lakini hula nafasi ya uchambuzi, ambao ndio wenye alama nyingi. Kwa mfano huu, utangulizi mfupi ungefuatwa na sehemu ya udongo na mvua, kisha mitambo, kisha sehemu inayopima kipi kilitangulia: je, ardhi ngumu ndiyo iliyovunja majembe, au mashine bora zingeimudu? Sehemu hiyo ya tatu ndiyo insha hasa, na ikibanwa kuwa aya moja kazi yote ya nyuma haina faida.

Msimamizi hutoa maoni juu ya rasimu kamili moja tu, wala haruhusiwi kuihariri. Kumpelekea rasimu yenye mapengo ni kuipoteza nafasi hiyo. Mwanafunzi na msimamizi hukutana rasmi mara tatu, na mara ya mwisho ni mahojiano mafupi insha ikiwa imekamilika. Hapo mwanafunzi huulizwa kwa nini aliamini chanzo fulani, alibadili nini njiani na kwa sababu gani. Majibu hayo huingia katika maelezo ya tafakuri yasiyozidi maneno 500 yanayokabidhiwa pamoja na insha, na yana alama zake.