Wasikilizaji Wenye Miguu

Mashindano ya mbina, ngoma za Wasukuma, hayana jaji wa kukaa mezani na karatasi za alama. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, hushika pande mbili za uwanja mmoja, ngoma zikalia kwa wakati mmoja, na watu wakaachiwa wachague pa kusimama. Anayevuta wengi ndiye mshindi. Masimulizi ya Usukumani yanasema ushindani huu ulianza karne ya 19 kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania dawa ya nani ina nguvu zaidi, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba umati huvutwa kwa dawa. Dawa siibishii. Lakini msikilize ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa waimbaji, utagundua kwamba hata bila dawa watu wangemfuata tu. Kwangu mimi huyu ndiye msemaji hodari kuliko wote, toka Shinyanga hadi Geita, wenye shahada wakiwamo.

Kazi yake huanzia mbali na uwanja. Msimu wa mbina huja baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, watu wana chakula ndani na nafasi ya kutembea. Kabla ya hapo, wakati wenzake wanapalilia, ningi anapalilia huku akiokota habari: bei ya pamba, ndoa iliyovunjika kijiji cha pili, kijana aliyeuza ng'ombe wa baba yake akakimbilia rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu, kiongozi aliyeahidi kisima akasahau. Kila habari anaipunguza hadi ibaki mistari michache, kisha anawapa waitikiaji wake waijaribu. Mstari unaowakwama midomoni anautupa au anaukata upya. Ni mtunzi anayesahihishwa na vinywa vya watu wengine, na hilo peke yake ni somo ambalo wengi wetu tunaoandika hotuba usiku wa kuamkia mkutano hatujalipata.

Mistari yake ni mifupi, na nadhani ufupi ule umetoka shambani. Nyimbo nyingi za Kisukuma zilikuwa nyimbo za kazi kabla ya kuwa za mashindano. Mtafiti Frank Gunderson alizikusanyia kitabu kizima, Sukuma Labor Songs from Western Tanzania, kilichotoka 2010. Kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, bado unaona wachezaji wakirusha jembe na kulidaka kwa mdundo. Mtu anayelima kwa kufuata ngoma ana pumzi ya sentensi moja kati ya jembe kupanda na jembe kushuka. Hapo hakuna mahali pa kuweka "kimsingi" wala "kama nilivyotangulia kusema".

Tena ningi hasemi jambo jipya mpaka la kwanza limewafika watu wote. Anatoa mstari, waitikiaji wanaurudisha, anautoa tena na badiliko dogo, wanarudisha. Aliye nyuma kabisa, amebeba mtoto mgongoni, asiposikia mara ya kwanza atasikia ya tatu, na ya nne ataimba. Macho ya ningi yako huko huko nyuma. Walio mbele wamekwisha kuwa wake. Anayehofiwa ni yule wa pembeni ambaye mguu mmoja umeanza kuelekea upande wa pili. Akiona watu wanapungua hapandishi sauti, anabadili habari: anamtania mpinzani, anataja kijiji cha wale wanaoondoka, na mara unaona wamegeuka kusikia wamesemwaje.

Sasa twende kwenye mkutano wa kijiji jirani na mgodi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inampa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano huo, na tangu marekebisho ya 2017 sheria ya madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo kuna mambo mazito ya kuzungumzwa: zahanati, barabara, fidia. Msemaji anasimama. Robo saa inakwenda kwa kutambulisha wageni, kisha tunaambiwa itifaki imezingatiwa, kisha inafunguliwa taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya wakaguzi. Watu hawaondoki, kwa sababu majina yameandikwa. Msemaji anadhani amesikilizwa.

Wachimbaji wadogo wana masikio makali zaidi. Huko Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anayewaeleza vijana wake mgao wa mifuko ya mawe vizuri huanza na idadi ya mifuko, ndipo aje kwenye makato ya karasha (mashine ya kusagia mawe), maji na kamba. Akianza na makato, kelele zitamzima kabla hajafika kwenye idadi. Na kwenye maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika Geita kila mwaka tangu 2018, mtazame kijana anayeijua kazi yake ya kueleza mashine. Haanzi kusifia injini. Anamuuliza mgeni, "Mzee, mawe yako unachenjulia wapi?" na jibu analopewa ndilo linalomwonyesha aanzie wapi.

Nimeona matangazo ya semina za kuzungumza mbele za watu: namna ya kusimama, namna ya kushika mikono, namna ya kutabasamu. Si vibaya. Ila waandaaji wa semina hizo Shinyanga na Geita, mnapomleta mkufunzi kutoka Dar es Salaam, mwiteni na ningi mmoja wa hapo hapo, mumpe siku nzima, na posho yake iwe ile ile ya mkufunzi.